Mke Aliyekimbia Katika Filamu

Asubuhi ile mama alikuwa akianika dagaa wa usipa juu ya mawe ya ufukweni, kijijini kwetu, upande wa Msumbiji wa Ziwa Nyasa. Baba alishika jembe, tayari kwenda kuchimba mihogo.

"Mama Anjela, unatuanikia sisi au unawaanikia kunguru?"

"Kunguru hawalalamikii chumvi," mama alimjibu. "Tangulia, tutakufuata."

Nilikuwa na miaka saba. Vita tulivijua kwa habari za vijiji vingine: watu wenye silaha waliwakamata wanaume wawabebee mizigo, na yeyote aliyekiri undugu na mateka alichukuliwa pamoja naye.

Jua lilipopanda tulishika njia ya shambani. Bondeni tukakutana nao. Wanaume waliofungwa kamba viunoni, magunia vichwani. Wa mwisho alikuwa baba.

Kijana mwenye bunduki alimsukuma mbele yetu.

"Mama, unamjua huyu?"

"Simjui."

"Na mtoto je?"

Nilimtazama baba. Alikuwa ameyageuzia macho majani ya kando ya njia, kama mpita njia asiyetufahamu.

Nikatikisa kichwa.

Wakapita.

Tulivuka mpaka kwa mtumbwi, tukakaa Mbamba Bay, upande wa Tanzania. Baba hakurudi. Hatukumwekea matanga, maana hakuna aliyetuletea habari ya kifo chake.

Miaka mingi baadaye, biashara huria ilipokwisha kuleta deki za video hadi kwetu, nilikuja likizo kutoka chuo cha ualimu. Mwenye duka mmoja aliwasha jenereta mchana, akaonyesha filamu ya vita vya kale katika ukumbi wa nyuma ya duka. Nilimpeleka mama. Niliamini kwamba kuona mateso ya wengine kungempunguzia upweke.

Katika filamu, mke alimwona mumewe kati ya mateka. Akautupa mtungi, akamkimbilia huku akiliita jina lake. Muziki ukapanda. Askari wakainamisha bunduki, wakawaacha wakumbatiane. Mmoja akafuta machozi. Ukumbi mzima ulilia.

Mama alinishika mkono. "Mwambieni anyamaze," alinong'ona. "Watamuua mtoto."

"Mama, ni picha tu," nilimwambia.

Jirani yetu aliyekaa nyuma alimgusa bega. "Mama Anjela, hata chozi moja huna? Tazama mwenzio anavyompenda mume."

Mama aliinuka, akatoka.

Siilaumu filamu ile kwa kuwaliza watu. Nailaumu kwa sababu waliomteka baba hawakuwahi kungoja muziki umalizike, na kwa sababu iliondoa hofu vitani kama mtu aondoavyo mifupa ya samaki, kisha ikamwachia mwenye kupiga kelele sifa yote ya kupenda.

Nilimkuta mama amesimama juani.

"Anjela, baba yako alijua?"

"Alijua nini, mama?"

"Kwamba nilikuwa nakuficha wewe. Au aliondoka akidhani nimemtupa?"

Nilitamani kusema ndiyo, alijua. Sikuwa na ushahidi. Nilimweleza nilichokiona tu: kwamba baba naye aligeuza macho, asitutazame hata mara moja.

Ndani ya ukumbi muziki ulikuwa bado unalia.

"Basi tulikanana sote watatu," alisema.

"Ndiyo, mama."

Kukanana kule kulikuwa jambo la mwisho tulilolifanya sisi watatu pamoja.