Mapigo ya Mgonjwa Mzima

Wanafunzi walimwita Mgonjwa Mzima, naye aliliitikia jina hilo bila kinyongo. Kwa binti aliyemlea, mtoto wa marehemu mdogo wake, alikuwa Mama Mkubwa; ila walipokuwa chuoni binti alijitahidi kumwita kama wenzake walivyomwita, asije akadhaniwa anatafuta upendeleo.

Chuo hicho cha wauguzi kilifunguliwa katika ukumbi wa zamani wa kanisa, kwa sadaka za umoja wa Wakristo ambao wengi wao hawakupata kuuona mlango wake. Sadaka ilitosha vitanda, mashuka, na karo ya vijana ambao bila hiyo wangebaki majumbani. Haikutosha sanamu ya kufanyia mazoezi. Mwalimu wa vitendo akatafuta mtu wa kulala kitandani ageuzwe, aoshwe, apimwe joto na kunyweshwa maji kwa kijiko. Watu wakakataa katakata, wakisema kujilaza kama mgonjwa ni kujichuria. Mfagiaji wa kanisa ndiye aliyeegemeza ufagio wake ukutani, akasema kwamba yeye na maradhi wanafahamiana tangu zamani, hayahitaji kualikwa.

Kazi ile aliifanya kwa moyo wote. Alijua kulegea akawa mzito kama gunia lililolowa, hata wasichana wanne wakatokwa jasho kumgeuza. Shuka ikiachwa na kikunjo, alilalamika kwa sauti ya kufa kwamba kikunjo hicho kitamtoboa mgongo kabla ya Jumapili. Mwanafunzi akimshika bila kujitambulisha, hakufumbua macho.

"Hodi hupigwa mlangoni tu?" aliuliza siku moja. "Na mwili je, hauna mwenyewe?"

Darasa zima likacheka, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyemshika bila kumsemesha kwanza.

Katika mwaka wa kwanza wa chuo, mwalimu wa vitendo alimhesabia mapigo ya moyo, akayapata sabini na mawili kwa dakika, akayaandika kwenye kibao kidogo kichwani pa kitanda ili yamsaidie kusahihisha. Miaka ikapita. Mwalimu akabadilishwa, rangi ya ukuta ikabadilishwa, kibao kikabaki. Wanafunzi wakarithishana ile sabini na mbili kama watu wanavyorithishana salamu. Kidole kiligusa mkono, macho yakatazama saa kwa heshima, na kalamu ikaandika kile ambacho kila mtu alikijua tayari.

Mwaka wa mtihani wa mwisho wa binti, Mama Mkubwa alianza kusimama katikati ya ngazi, akijifanya kufunga kiatu kisichokuwa na kamba. Binti aliliona jambo hilo, akaambiwa ni uzee, na uzee hauna sindano.

Siku ya mtihani wa vitendo alikuja msimamizi mgeni, mtu mpole aliyepewa majibu ya kusahihishia na chuo chenyewe. Kila mtu alijua uzito wa siku ile. Ufadhili haukumngoja aliyeshindwa. Nafasi yake ilipewa mwingine, kwa kuwa waliokuwa wakibisha hodi walikuwa wengi. Wanafunzi wakapita kitandani mmoja mmoja. Kibao kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa, lakini nani alihitaji kukisoma?

Binti alikuwa wa mwisho. Alijitambulisha, akaomba ruhusa, akaweka vidole viwili kwenye mkono uliomlisha tangu utotoni. Mapigo yalikuja mbio, yakajikwaa, yakanyamaza, kisha yakarudi kama mtu aliyesahau kitu njiani. Akahesabu dakika nzima. Akahesabu tena.

"Mama Mkubwa, yanaruka," alinong'ona.

"Wewe andika walichoandika wenzako."

"Sivyo yalivyo."

"Ukiwa peke yako na jibu lako, nani atakuamini? Andika, tumalize."

"Lakini unaumwa."

"Si ndiyo kazi yangu, mwanangu? Nimelala humu miaka yote hii ili ufike hapa. Usinilaze bure."

Msimamizi aliinua kichwa, akauliza kama kuna tatizo. Mgonjwa Mzima akaguna kwa ustadi wake wote, mguno mrefu uliowafurahisha hata waliosimama mlangoni. Msimamizi akatabasamu, akasema hajapata kuona mtu anayeigiza vizuri namna ile. Binti akaandika sabini na mbili.

Alifaulu. Jioni ile alimsihi Mama Mkubwa waende hospitali, akamsihi tena kesho yake. Jibu lilikuwa moja: sherehe ya kuvishwa sare i karibu, na akienda sasa watamlaza. Amelazwa vya kutosha. Mara hii angependa kuketi kwenye kiti, mbele, kama mzazi. Baada ya hapo wampeleke popote wapendapo. Binti, aliyejua sasa kile ambacho chuo kizima hakikukijua, alinyamaza. Kumwambia mwalimu kungekuwa kumwambia pia alichokiandika.

Asubuhi ya siku ya sherehe, chumba cha mazoezi hakikufunguliwa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walijazana mlangoni wakitaniana kwamba leo Mgonjwa Mzima ameugua kweli, nani atamuuguza? Binti, aliyelala bwenini usiku ule, aliwapita, akaenda mbio hadi chumbani kwao. Mama Mkubwa alikuwa amelala chali juu ya shuka isiyo na kikunjo hata kimoja. Kwenye kiti kando yake ilikuwapo sare nyeupe, imepigwa pasi, kola ikiwa imesimama. Binti alipiga magoti, akasema jina lake, akaomba ruhusa, akaushika mkono. Ulikuwa umekwisha kupoa. Hata hivyo alihesabu dakika nzima.

Habari zilipowafikia wale wa umoja, walihuzunika kwa dhati, wakachangishana, wakaleta sanamu. Ina ngozi ya plastiki na mpira mdogo wa kubanwa kwa mkono, unaoyafanya mapigo yasikike penye kifundo cha mkono. Wanafunzi wanaiita Mgonjwa Mzima. Wengi hawajui jina hilo lilikuwa la nani.

Binti sasa ni muuguzi wa wodi ya wanawake, na siku zake za mapumziko huja kumsaidia mwalimu wa vitendo. Kibao alikiomba, akapewa, akakifunga kwenye kanga pamoja na viatu vile visivyo na kamba. Kazi anayoipenda ni ya kushika ule mpira, chini ya shuka, mahali ambapo mwanafunzi haoni. Hubana sawasawa, kwa utaratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Kisha hupitisha pigo moja bila kubana, na lingine baadaye, na humtazama mwanafunzi usoni, akisubiri ainue macho.

Wengi huandika tu.