Bunduki Iliyokohoa

Bi Turkiya wa Ibra alifiwa na mumewe, Laith, mwaka jana, lakini alianza kumkosa zamani, tangu aliporudi kutoka vita vya Dhofar, kusini mwa nchi. Laith aliyeondoka alikuwa mcheshi. Akikaa barazani, wageni husahau kwenda makwao. Aliyerudi alikuwa wa kunong'ona tu. Mkewe akikohoa, yeye huinuka akatoka chumbani. Maisha yao yote bibi alidhani amemkinai.

Msimu huu wa tende mjukuu wake, Lujain, alimchukua mji wa Nizwa wakatembee, wakaingia kwenye nyumba ya kale iliyofanywa makumbusho.

"Bibi, njoo uone bunduki hii. Mdomo yake nene."

"Mdomo wake mnene," bibi akamsahihisha, akasogea.

Mzee aliyekuwa akiwaeleza wageni alisikia Kiswahili, akaja kwa furaha. Jina lake Hisham, mzaliwa wa Pemba, askari mstaafu.

"Hicho kinene ni cha kuzuia sauti," alisema. "Kule kusini tulikuwa wachache, tukipenya nyuma ya adui kwa siri. Bunduki hii hailii, bibi. Inakohoa tu. Mtu anaanguka, na aliye mbele yake hajui."

"Na nani aliyeibeba?"

"Mwenzetu mmoja wa Ibra. Laith."

Bi Turkiya alishika ukingo wa kabati la bunduki. "Mie mjane wake."

Hisham alimvutia kiti. "Allah amrehemu. Wallahi sikuwa na habari, shemeji."

"Alikuwa akinikimbia nikikohoa. Hakunambia kwa nini."

"Tuliapishwa tusiseme. Na hata pasingekuwa na kiapo, yeye asingesema. Alikuwa akiwakaribia mno maadui, akiwaona nyuso."

Habari za vita zilimtosha bibi. Alikuwa na hamu ya kitu kingine.

"Kabla hajapewa hiyo bunduki, alikuwa akicheka huko?"

"Alituvunja mbavu. Alikuwa na kisa cha mwalimu wa chuo cha Kurani kule Malindi na mbuzi wake."

"Nakijua. Nihadithie kama alivyokuwa akihadithia yeye."

Hisham akaanza, huku akiyavuta maneno kama Laith na kupandisha sauti pale mbuzi alipopanda juu ya mkeka wa mwalimu. Bi Turkiya alifumba macho. Kwa kitambo kidogo alimsikia yule kijana aliyemposa. Kisa kilipokwisha, Lujain alicheka. Bibi machozi yalimtiririka, wala hakuyafuta.

"Hebu tena, shemeji," alisema. "Taratibu."