Bibi Harusi wa Bangoni

Mungu alimpa Gorret shingo ndefu, kisha akaamuru azaliwe Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, mahali ambapo shingo ndefu hutumika kuchungulia kama lori la magendo limeshapita.

Kazi aliitafutia mwenyewe. Siku za soko alijifunga vitenge, akapita mbele ya vibanda taratibu, akageuka, akarudi, na akina mama wa Kongo wakanunua wakidhani watafanana naye. Wasusi walimkalisha kando ya barabara na kichwa kilichokwisha kusukwa, kama chambo. Muuza ndala alimpiga picha miguu tu, huku akimwomba asiongee. Mwenye losheni alimtaka awe "kabla ya kupaka". "Baada ya kupaka" alikuwa binti mwingine kabisa, aliyezaliwa mweupe.

Nobert, kijana wa kiwanda cha saruji Hima, hakuona tatizo. Ukoo wake ulipeleka mbuzi kwa Zedekia, babake Gorret, na harusi ikapangwa. Gorret alimpenda Nobert kiasi cha kumfulia ovaroli, na anayeijua saruji anajua hayo ni mapenzi.

Ndipo Sosthène, Mkongo mwenye duka la kukodisha magauni ya harusi mjini Kasese, akamwita. Alimvalisha gauni jeupe, akamsimamisha na Philippe, dereva wa teksi mwenye kifua cha kujaza suti. Picha ikawa bango kubwa karibu na steji ya teksi.

Karuhanga, mjomba wa Nobert, alishuka kwenye teksi, akainua macho, akasahau alichofuata mjini. Kwa watu wa umri wake picha ya harusi ndiyo ushahidi: cheti huliwa na panya, padri huhamishwa, picha hubaki ukutani. Alirudi nyumbani na habari kwamba wamepeleka mbuzi kwa mke wa mtu.

Gorret aliitwa mbele ya wazee. Akaeleza kwamba ile ni kazi, gauni ni la duka na mwanamume ni wa kukodi.

"Na ule mkono kiunoni, binti yangu," Karuhanga akauliza kwa upole, "nao ni wa duka?"

Kwa bahati mbaya Gorret alijibu ukweli: ndiyo, Sosthène mwenyewe ndiye aliyeuweka pale. Wazee walicheka mpaka wakakohoa, kisha wakaamua bango liondoke au mbuzi warudi.

Alikwenda kwa Sosthène, akapiga magoti.

"Picha iko ya duka, dada," Sosthène akamwambia. "Wewe uliuza sura, mimi nilinunua."

Lakini hakuwa shetani, ni mfanyabiashara tu. Gauni lilikuwa bado linavuta wateja, kwa hiyo alimtuma mchoraji apake rangi nyeupe kwenye uso wa Gorret pale bangoni na kuacha mengine. Asubuhi Kasese ikaamka na Philippe akitabasamu, amemkumbatia mwanamke asiye na uso.

"Kama hapakuwa na kitu," Karuhanga akasema, "mbona wamefuta?"

Gorret alimtazama Nobert. Nobert alitazama viatu vyake.

"Wazee wameshasema, Gorret," akanong'ona.

Mbuzi wakarudishwa. Mmoja alikuwa amezaa kwa Zedekia, na pande mbili zikagombea kitoto chake hadi jioni. Zedekia alikililia kitoto kile kwa machozi ambayo bintiye hakuyapata. Philippe hakuitwa popote. Mkewe alipita chini ya bango, akasema suti imemkaa vizuri.

Baada ya mavuno Sosthène akapiga simu. Magauni mapya yamefika. "Sasa hakuna mutu ya kulalamika," akasema, na alisema kama anayetoa pole.

Gorret akapanda teksi hadi Kasese. Philippe aliweka mkono kiunoni bila kuelekezwa. Mpiga picha akamwomba bibi harusi acheke kidogo, na Gorret akacheka vizuri sana.