Hamira Zilizorefuka

Miaka kumi na sita kwenye kiwanda cha hamira, halafu mtu akuite mchafu mbele ya wenzako! Mama Chujio, maana hakuna aliyemwita vinginevyo, alifua vitambaa vya chujio kwa mikono yake kila mwisho wa zamu, akavinusa kimoja kimoja. Kikinuka uchachu, anakifua upya. Lakini wiki ile chujio liliziba siku tatu mfululizo. Uji wa hamira uligoma kupita, maji yakatoka matone matone. Meneja akapayuka mbele ya zamu nzima kwamba vitambaa havifuliwi, akampa barua ya kukiri kosa. Asaini, la sivyo kazi hana.

"Saini yaishe, dada," mdogo wake alimsihi nyumbani. "Kazi zenyewe ziko wapi?"

"Nikiri nisilolifanya? Thubutu!"

Asubuhi akachota uji ule kikombe kimoja, moja kwa moja maabara. Mpimaji, mwanamke mpole asiyependa makuu, akaweka tone chini ya hadubini, akaguna.

"Hebu njoo uone mwenyewe."

Siku zote hamira huwa viduara kama mtama, na katikati hubaki nafasi ya maji kupita. Hizi zilikuwa zimerefuka, zimelaliana na kubanana kama nyasi zilizoziba mfereji.

"Zina njaa," mpimaji akasema. "Zikipungukiwa chakula huweza kurefuka hivi. Nani kapunguza chumvi ya virutubisho ya kuzilishia?"

Wote wawili walimjua. Meneja mwenyewe, eti anabana matumizi.

Meneja alipoitwa maabara alichungulia hadubini, akakohoa, akaamuru chumvi irudishwe. Pipa jipya lilipoiva, chujio likatiririka bila shida. Ndipo akamwita ofisini, sauti laini kweli kweli.

"Basi mama, tuyaache hayo. Barua nitaitupa."

"Huitupi humu. Ulinitukana kule kwenye chujio, kaichane kule kule."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua sana. Twende."

Akatangulia. Hakugeuka nyuma kuona kama anafuatwa. Alifuatwa. Watu wakaacha kazi, wakamtazama meneja akiichana barua vipande vinne, kisha akigeuka aondoke zake.

"Bado," Mama Chujio akamwambia. "Sema nilifua."

"Ulifua," akanong'ona.

"Kwa sauti, bosi. Mashine zina kelele."