Mizani ya Mama na Kilo Arobaini

Mtu aliyefundishwa kuanguka hutoa sauti mbili: kwanza kiganja kinachopiga sakafu, kisha mwili unaokifuata, kishindo chake kikiwa kimekwisha kupunguzwa. Aliyepoteza fahamu hutoa moja tu. Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, nilikuwa chumbani katika bweni la chuo nikisahihisha sura ya tatu ya tasnifu yangu. Nikasikia kishindo kimoja kwenye korido, na kabla sijafungua mlango nilikwisha kujua kwamba kiganja hakikutangulia.

Alikuwa Rehema, binti wa mwaka wa kwanza, mchezaji wa judo wa timu ya chuo. Alikuwa na siku tatu hajala ili aingie katika kundi la uzito alilolitaka. Zahanati walimtundikia dripu, wakamkaripia, na jioni alikuwa anacheka. Mimi ndiye niliyeshindwa kucheka. Kwa siku kadhaa niliifungua sura ya tatu bila kusahihisha hata neno, nami nilijua vyema kwamba sababu haikuwa Rehema peke yake. Niwieni radhi, basi, nikiwarudisha nyuma hadi nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Mama yangu alikuwa akiuza maharage Kariakoo, kwa kilo kumi kumi hadi gunia zima, juu ya mizani kubwa ya chuma aliyorithi kwa bibi. Mimi ni Nasra, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Nasra. Jumatano na Jumamosi jioni aliniruhusu kutembea hadi Gerezani, ambako Mwalimu Nambunga, mtu wa Masasi na fundi wa springi za magari, alikuwa na ukumbi juu ya karakana yake. Mikono yake ilinukia grisi hata baada ya kuoshwa kwa sabuni ya unga. Mkeka wetu wa judo aliushona mwenyewe: magunia yaliyoshindiliwa maranda ya mbao, juu yake turubai la lori lililovutwa mpaka likalia kama ngoma. Hadi leo nikipita penye seremala, harufu ya mbao mbichi hunifanya nikunje kidevu kifuani, kama tulivyofundishwa, ili kisogo kisiguse chini.

Tulikuwa wasichana tisa, na kwa miezi mitatu ya mwanzo hatukuruhusiwa kumgusa mtu. Tulianguka tu. Kinyumenyume, kiubavu, kwa kujiviringisha. "Kumwangusha mwenzako ni raha ya siku moja," alikuwa akisema Mwalimu. "Kuanguka, utaanguka maisha yako yote." Nilifanya mazoezi hata dukani, nikijirusha kutoka juu ya rundo la magunia, mpaka muuza chai wa jirani akamwita mama pembeni na kumuuliza kwa upole: "Mama Nasra, huyu mtoto mmempeleka kwa daktari lakini?"

Hapo niseme neno kwa mzazi anayemtafutia mwanawe mwalimu wa mchezo wowote wa kupigana. Usihesabu vikombe kabatini. Kaa kwenye benchi, utazame mwalimu anafanya nini mtoto anapopiga mkono mara mbili kusema nimeshindwa. Nambunga alikuwa akisimamisha pambano kabla kiganja hakijagusa mkeka mara ya pili, kisha akampongeza aliyeshindwa kwa kuwahi. Tuliona ajabu. Tulidhani pongezi ni za mshindi.

Ukumbini hapakuwa na mizani. Mashindano ya watoto yalipokaribia, Mwalimu alitupima kwa kutunyanyua mmoja mmoja kwa mkanda, akafumba macho, akatamka. Kwangu alisema: "Arobaini kasoro. Uko sawa. Kula kawaida." Kundi langu lilikuwa la wasiozidi kilo arobaini.

Lakini mimi, tangu utotoni, ni mtu wa kuhakiki. Nilijenga hoja kwamba mkono wa binadamu huchoka, ilhali chuma hakichoki. Jumatatu ile, mama alipokwenda kuswali, nilipanda juu ya mizani yake. Ikasoma arobaini na moja na nusu.

Kuanzia pale chakula changu cha mchana nilimpa rafiki yangu shuleni. Nyumbani mama alipopakua wali na samaki, nilitamka sentensi ambayo ingali inaniamsha usingizini: "Mwalimu amekataza tusile."

"Amekataza? Hata samaki?"

"Hata samaki, mama."

Alinitazama, akatazama sahani, akasema haya, mwalimu ni mwalimu. Ijumaa jioni mizani ikasoma arobaini kasoro kidogo, nami nikalala nikiwa na fahari na kizunguzungu.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa shule upande wa Msimbazi. Mpimaji alikuwa na mizani mpya. Nilipopanda akaandika: thelathini na nane.

"Haiwezekani," nilimnong'oneza Mwalimu. "Ya mama imesema arobaini!"

Alinikazia macho, akaniuliza nimekula nini. Nilisema chapati mbili. Hakuniamini. Akaninunulia ndizi na juisi ya boksi, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Nilitapika nyuma ya ukumbi, nikafuta mdomo, nikarudi nikitabasamu. Kwa mtu anayejiita mkweli, ilikuwa ni siku ya kazi nyingi.

Pambano langu halikufika hata dakika moja. Nilimshika mpinzani ukosi, taa zikawa za kijani, kisha nikaanguka bila kuvutwa. Walionitazama waliniambia baadaye kwamba miezi yote ile ya mazoezi haikuonekana: sauti ilikuwa moja.

Nilipozinduka, mama, aliyekuwa akitazama kutoka jukwaani, alikuwa amekwisha kufika katikati ya mkeka akiwa na viatu vyake, jambo ambalo ni mwiko, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

"Wewe mwanaume! Mtoto wangu hali siku nne kwa amri yako? Kwani huyu ng'ombe wa mnada, unampunguza unamwongeza?"

"Na wa kwangu juzi kakataa ubwabwa!" akadakia mama mwingine kutoka jukwaani.

"Kakunje springi zako huko! Watoto wa watu si vyuma!"

Mwalimu Nambunga alinitazama. Nilikuwa nimelala, kichwa kwenye paja la mama, na midomo yangu ilifanya kazi. Ningeweza kusema. Lakini akili yangu ilikuwa imekwisha kukokotoa kwa kasi ya kutisha: nikisema ukweli, nitaulizwa kwa nini niliacha kula, nitataja mizani, na ukumbi umejaa wanawake wanaonunua maharage kwa mama kila wiki. Watajua kwamba mizani ya Mama Nasra inadanganya. Nikafumba macho.

"Nisamehe, Mama Nasra," alisema Mwalimu.

Mama alinitoa judo siku ileile. Wenzake wakafuata. Kabla mwezi haujaisha, wasichana tisa walikuwa wawili, kisha Jumatano na Jumamosi ukumbi ukabaki kimya.

Miaka miwili baadaye, likizo ya kidato cha kwanza, mama alinikabidhi duka kwa saa moja. Nilimpimia mteja kilo kumi, nikafunga mfuko. Hakuondoka.

"Kopo langu liko wapi, binti?"

Mama alikuwa na kopo la bati, ambalo alilijaza maharage na kummiminia mteja baada ya kila kilo kumi. Nilidhani ni ukarimu wake tu.

"Mwanangu," yule mteja alicheka, "mizani ya mama yako inazidisha tangu enzi za bibi yako. Soko zima tunajua. Kopo ndilo linalosawazisha."

Nilikwenda kulipima kopo lile kwenye duka la jirani: nusu kilo, kasoro kidogo. Nikarudia hesabu mara tatu, na mara zote ilikubali. Mama alikuwa mwaminifu kwa mkono, siku zote, mbele ya macho yangu. Nilipomuuliza kwa nini hanunui mizani nyingine, alijibu: "Uongo wa hii nimeshauzoea. Ya nini nianze kujifunza wa mpya?"

Kwa hiyo ile siri niliyomtolea Mwalimu kafara haikuwa siri. Nilikuwa mtu pekee Kariakoo nzima niliyepimwa pale bila kupewa kopo. Hilo nililielewa nikiwa na miaka kumi na minne. Lililobaki, kwamba kuelewa hakumsafishi mtu jina, lilinichukua muda mrefu zaidi, na pengine bila Rehema ningelichambua mpaka uzeeni. Nilimwambia Rehema kitandani pale: panda kundi la juu, ushindwe umeshiba. Akanijibu, "Kwani dada nawe ulicheza?"

Namba ya Mwalimu imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye geti la karakana. Huonekana vizuri kutoka dirisha la basi la mwendokasi. Niliikariri siku ya kwanza baada ya Rehema kuanguka. Siku kumi na moja zilizofuata niliandaa maelezo yenye vichwa vitatu vya habari. Kisha nikapiga.

"Haloo, springi hapa!"

"Shikamoo, Mwalimu. Ni Nasra."

"Marahaba. Nasra yupi, wa Fuso?"

"Nasra wa Mama Nasra. Wa maharage."

Nyundo iliendelea kulia. "Acheni kwanza!" alipaza sauti kwa mafundi wake, na palipotulia, vichwa vyangu vitatu vya habari vilikuwa vimeyeyuka. "Hukuwahi kunikataza kula," nilisema. "Nilikusingizia."

"Nilijua, mwanangu. Tangu ulipotaja mizani ya mama yako. Mimi mteja wa pale."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mwanawe mwongo, wateja wake wote wamesimama? Halafu ulikuwa mikononi mwangu, na nilikuona huna rangi, nikakuacha uingie. Hilo langu." Akacheka kidogo. "Ila mama yako, loh! Mpaka leo kopo ananipa, salamu hanipi. Simu hii umekosea mtu, Nasra."

Nilikata, nikampigia mama kabla sijapata nafasi ya kufikiri.

"Mama, shikamoo. Uko dukani?"

"Marahaba. Niko na mteja. Vipi, umefeli?"

"Sijafeli. Nataka kukueleza kitu kuhusu Mwalimu Nambunga."

Nilimsikia akimwambia mtu asubiri, kisha kigoda kikiburuzwa kwenye sakafu.

"Haya," alisema. "Nimekaa."