Bolti Niliyomfungia Barasa

"Ndugu yangu, nilikosea wapi?"

Barasa aliniuliza hivyo kitandani hospitalini, macho yamefungwa bandeji. Nikamjibu, "Ulikanyaga mafuta mapema mno." Uongo! Kosa lilikuwa langu, na uongo huo niliusema nikiwa nimemshika mkono.

Tulikaa naye chumba kimoja Kangemi tangu tutoke kwetu magharibi. Ndiye alinitafutia kazi kwenye gereji ya Bwana Norman, ambako yeye alikuwa dereva wa kujaribu magari ya mashindano. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu. Injini nilizozijua ni za malori, chuma tupu.

Bwana Norman akataka injini yake mwenyewe, yenye nguvu kushinda zote. Tukaichonga kutoka bonge moja zima la aluminiamu. Tulikereza mpaka nikawa naota mashine! Iling'aa kama sufuria mpya.

Siku ya kufunga kifuniko cha juu, nikakaza bolti kwa nguvu za lori. Aluminiamu ni laini, jamani! Nyuzi za tundu, zile zinazoshika bolti, zikasagika, bolti ikazunguka bure.

Nikamwita Musyoka, msimamizi wetu. Akacheka. "Unakaza kama unafunga mlango wa jela! Zungushia kipande cha mkebe, urudishe. Mkubwa anangoja."

"Na ikichomoka?"

"Kwani utakuwa ndani wewe? Kaza, bwana!"

Nikakata mkebe, nikazungushia. Ikashika. Injini ikatiwa garini, Barasa akaingia akinitania, "Fundi wa malori, leo utasikia mlio wa pesa!" Nami nikanyamaza. Nilinyamaza, wenzangu!

Kwenye mlima wa Spring Valley bolti ikang'oka. Mafuta ya injini yakarukia bomba la moshi lililokuwa moto, na kwa kuwa gari halikuwa na kioo cha mbele, moto ukamlipukia usoni.

Bwana Norman aliiona ile bolti na mkebe wake. Akaitia mfukoni! Akasema dereva ndiye aliyeharibu injini, akamfuta kazi. Musyoka akaapa ni kweli. Mimi pia nikaapa, nisifukuzwe.

Barasa hakuona tena. Nyumbani, baba yake mwenyewe humwambia alijitakia kwa kupenda mbio.

Juzi nilimwambia yote. Hakunitukana. Alisema, "Toka," basi.

Ninyi mnaoshika spana, mkiharibu, semeni papo hapo, hata mkifukuzwa. Kazi nyingine mtapata.

Na wewe Norman, na wewe Musyoka, mimi nimesema yangu. Barasa yuko kwa baba yake. Nendeni mkamwambie mzee huyo aliyempofusha mwanawe ni nani! Mnakwenda lini?