Jina Lisilokuwa Daftarini

"Mimi uwanjani naingia kwa raketi yangu, siingii kwa ugonjwa wa mtu!" Shoto aliyasema hayo redioni akiwa na miaka kumi na tisa, alipoulizwa kama angekubali nafasi ya mchezaji aliyejitoa, mtangazaji akacheka mpaka akakohoa. Nchi nzima ilisikia. Bahati mbaya, na yeye mwenyewe aliyasikia.

Miaka kumi na minne akala tenisi, akalala tenisi. Sketi alizifulia kwenye sinki za hoteli za bei ya chini, na kaka yake alimfungia nyuzi za raketi akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Bega la kushoto, lililompa jina, likaanza kulia kama bawaba ya ofisi ya serikali. Mashindano makubwa yenyewe hakuwahi kuyacheza. Mara tatu alifika raundi ya mwisho ya mchujo, mara tatu akatolewa. Mara ya nne daktari alishasema: baada ya hii, basi.

Akafungwa tena, seti mbili kwa moja.

Sasa, mchezo huu una huruma yake ndogo. Aliyetolewa raundi ya mwisho anaruhusiwa kusaini daftari asubuhi, kabla ya saa nne na nusu. Mchezaji akijitoa, nafasi yake anapewa aliyesaini mwenye cheo cha juu. Kati ya waliotolewa, Shoto ndiye aliyekuwa juu.

"Dada, kasaini," kaka yake alimwambia, huku Shoto akifunga begi. "Wino hauumi."

"Nikae nasubiri mwenzangu avunjike mguu ndio nile? Mimi fisi?"

"Fisi hujamfikia. Fisi angeshasaini."

Shoto hakucheka. Alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja upya. Kaka yake akatazama saa.

Saa tano kasoro dakika chache walikuwa getini na mabegi yao. Kipaza sauti kikatangaza: mchezaji mmoja kateguka kifundo cha mguu akipasha misuli, nafasi yake imechukuliwa na fulani. Huyo fulani ni binti ambaye Shoto alimfunga mara tano, mara moja akiwa na homa.

Alirudi mbio mpaka kwenye dawati la daftari. Mama wa dawati alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye majina yote, taratibu, kama mtu anayemtafutia mgeni ndugu yake.

"Mwanangu, hujaandika."

"Najua, mama."

"Sasa umekuja kuangalia nini?"

Kaka yake alimpokea begi. Lile neno la "nilikwambia" hakulisema, siku hiyo wala baadaye, na hilo ndilo lililomliza dada yake.

Siku hizi anafundisha kwenye klabu yenye viwanja viwili, kimoja hakina wavu. Juzi mhasibu mmoja mwenye kitambi alimuuliza, "Mwalimu, yale makubwa uliwahi kucheza?"

"Hapana. Kunja goti, tazama mpira."

Saa moja ya mafunzo yake ni shilingi elfu moja tu.